Uso Ulioganda Kwenye Kompyuta

Kusini mwa Ujerumani,
Jumanne, mvua inanyesha

Dada yangu Kordula,

Shikamoo. Umeshapata nguvu? Kitovu cha mtoto kimedondoka vizuri? Ananyonya sawasawa, au ni mvivu kama baba yake? Mwambie shemeji natania, lakini si sana. Na wale wakubwa wawili, wanangu, bado wanagombania kuanika dagaa wenu wa usipa au siku hizi wamejua kutoroka kazi? Mimi huku ni mzima. Miguu inauma kwa kusimama, maana kuwahudumia wazee si kazi ya kukaa, na tumbo langu bado halijakubali kwamba viazi ni chakula cha kila siku ya Mungu.

Sasa nikupe habari yenyewe, kwa sababu nakujua, wewe barua huisomi, unaikimbiza ili ufike penye jambo. Jambo ni hili: mama aliamini kwamba nimekufa.

Usicheke. Au cheka kidogo, nami nilicheka baadaye. Lakini Jumapili ile sikucheka hata chembe.

Kama mdogo wetu Egno alivyokueleza, mtoto wa jicho ameshalifunika jicho la mama la kushoto, na la kulia linaona kama kupitia moshi wa jikoni. Mwezi ujao madaktari wa macho wanafika pale hospitali ya misheni kwa siku chache tu, na wakishaondoka hakuna anayejua watarudi lini. Mama alikubali kupasuliwa, ila kwa sharti. Alimwambia Egno, "Hao watu wataniingizia kisu machoni. Huenda nikaamka gizani moja kwa moja. Kwanza nimwone Gaudensia, ndipo wanikate." Kuja mwenyewe haikuwezekana, likizo sipati mpaka mwisho wa mwaka. Ndipo Egno akaja na wazo la simu ya picha kwa kompyuta.

Dada, sisi tulikulia wapi? Simu ilikuwa moja, posta, tena ulikuwa unaipigia kelele mpaka watu wa sokoni wanajua umeomba nini. Lakini tangu milango ya biashara ifunguliwe, wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa na mizani zao, ikaja mitumba, ikaja minara ya kampuni za simu juu ya vilima, basi hata parokia nayo imeweka chumba cha kompyuta. Egno akamtoa mama kijijini Kitura akampeleka Mbinga mjini, mbele kabisa kwa dereva wa lori kama mke wa mkuu wa wilaya, akamkalisha mbele ya kioo.

Mimi huku nimevaa kitenge, nimejipaka mafuta nang'aa. Nikabonyeza. Laptopu yangu, ambayo nayo ni mtumba, niliinunua kwa nesi mmoja aliyekuwa anahama, ikaanza kuunguruma kama lori linalopanda mlima likiwa na magunia. Nikamsikia Egno anasema, "Mama, tazama." Nikasema, "Shikamoo ma..." na hapo hapo kila kitu kikaganda. Kipanya hakisogei, sauti hakuna, mashine ina joto la kuivisha mkate. Picha ya mama haikuwahi hata kufika kwangu. Lakini yangu ilikuwa imeshafika kwao, ikagandia huko, mdomo nusu wazi, macho nusu yamefumba.

Wewe fikiria mama anaona hicho.

Nikakimbilia simu ya mkononi, nikampigia Egno, nikasikia mama analia. Nikaomba niongee naye.

"Mama, ni mimi, Gaudensia."

"Kordula," akasema, "usinichezee. Umezaa juzi, tulia unyonyeshe mtoto."

"Mama, si Kordula! Ni mimi!"

"Gaudensia nimeonyeshwa. Mdomo wazi, hapumui. Mmepiga picha maiti mmeniletea. Mnanificha kama mlivyonificha kaka yangu."

Akakata. Unaona mambo? Sauti yangu na yako ni moja, tangu utoto. Unakumbuka mama akiita kutoka ng'ambo ya bonde, mmoja akiitika, lazima aulize, "Aliyeitika ni nani?" Mara ngapi umeniitikia mimi nikiwa bado nacheza mtoni! Na mwalimu wa kwaya alikuwa anatuweka ncha mbili za mstari ili ajue nani ameharibu wimbo. Basi leo sauti hiyo ndiyo iliyoniua.

Na msiba wa mjomba sina haja ya kukukumbusha, lakini nimeuwaza sana wiki hizi. Walimwambia mama kwamba kaka yake anaumwa kidogo, wakampakia kwenye gari, njiani wakamnunulia chai na mandazi, wakawa wanampigisha hadithi za mavuno. Alishuka garini anacheka. Ndipo akaona wanawake wamekaa chini na moto unawaka uani mchana. Sisi tunaona ni huruma kumfichia mtu mzima habari ya kifo mpaka afike. Mama tangu siku ile hapokei habari njema ya mtu aliye mbali bila kuipindua aione upande wa chini.

Egno akajaribu kila njia. Mama akasema, "Mleteni Kordula asimame mbele yangu amefumba mdomo, halafu hiyo simu iongee." Si akili hiyo? Lakini barabara ya Tingi ya kutoka kwenu ilikuwa imekatika kwa mvua, nawe una kichanga. Basi mama akarudi Kitura, akajifunga kanga kiunoni, akakaa chini. Na watu wa Kitura unawajua, hawangoji uthibitisho. Kabla ya jioni majirani walishaanza kuleta kuni na unga. Egno anasema alisimama njiani akiwarudisha, na mama mmoja alikataa kurudi na unga wake, akasema, "Basi uweke, hata kama si leo." Dada, unga wa msiba wangu upo jikoni kwa mama, na nafikiri wameshaanza kuusonga.

Lakini neno lililonikata maini ni alilosema mama mwisho: "Sipasuliwi. Niyafungue macho niangalie nini? Matanga ya mwanangu?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba huu si mzaha wa mashine mbovu. Nikishindwa na laptopu hii, mama atakuwa kipofu, na atakuwa kipofu anayenililia.

Pale ninapofanya kazi yuko mzee mmoja, Babu Helmut. Hiyo babu nimemwongezea mimi. Zamani alikuwa fundi wa mitambo ya simu, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, anaongea kama mtu anayegombana hata akiomba chumvi. Nilikuwa namlisha supu machozi yakanitoka. Akauliza, nikamweleza. Akasukuma bakuli. "Ilete hiyo mashine," akasema.

Akanifundisha kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Ikatokea orodha ya programu zote zilizo wazi, na kila moja inakula memori kiasi gani. Memori ni mahali ambapo kompyuta inashikia kazi inazofanya wakati huo, ikijaa hapo mashine inaanza kutapatapa. Yangu ilikuwa imejaa mpaka kwenye koo. Babu Helmut akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Kwa nini kamusi imefunguliwa mara nne?"

"Nikimaliza naishusha chini ya kioo."

"Na redio? Na picha za harusi ya nani hizi? Na hizi kurasa za mtandao, unazisoma zote?"

"Nazo nimezishusha."

"Kwa nini hufungi?"

Dada, swali dogo hilo! Nikajiona mpumbavu, na papo hapo nikajisikia nimefika nyumbani. Nikamwambia, sisi kwetu Umatengo kitu hakitupwi, kinalazwa chini. Nikamchorea ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani, kwenye leso ya karatasi: jinsi marehemu baba alivyofyeka majani kwa nyengo, kile kisu chake kilichopinda, mwezi wa tatu, akayalaza mistari inayokatizana kama madirisha mlima mzima, halafu mama na sisi nyuma yake na majembe tunachimba katikati ya kila dirisha, udongo tunaurushia juu ya majani, yanafunikwa, kunabaki shimo la kushikia maji na matuta ya kupandia maharage. Majani yanaozea humo, mwaka unaofuata mahindi yanakula. Hakuna moto, hakuna kutupa. Mimi nilidhani nikishusha programu chini ya kioo imelala, na kilicho chini kinasaidia kilicho juu.

Babu Helmut alicheka mpaka akakohoa nikampa maji. "Hii si shamba!" akasema. "Hapa kilicho chini hakiozi. Kiko macho, na kinakula."

Alicheka yeye, lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa Kitura asubuhi, ukungu bado haujapanda, mama yuko mbele anarusha udongo, kofi la jembe, kofi la jembe, nawe unalalamika kwamba mgongo unauma na hujafika hata mstari wa tatu. Tulikuwa tunakula viazi vitamu vya baridi kwenye jani la mgomba, tumekaa ukingoni mwa shimo miguu imening'inia. Baba akipita anatania kwamba atakuoza ziwani huko kwenye tambarare ya muhogo, huko hawajui ngolo, utapumzika. Na kweli ukaolewa huko! Siku tulipokusindikiza, tulipofika mahali pa kuteremkia ziwa likaonekana, mama alisimama akasema, "Mbona maji yote haya hayana mteremko?" Tukacheka hadi matumbo yakauma. Nimeyakumbuka haya mbele ya mzee wa Kijerumani na bakuli la supu lililopoa. Nilitamani nyumbani mpaka nikaumwa.

Basi tukaanza kazi. Tulifunga kamusi zote, tukafunga redio, tukafunga kurasa. Za harusi nilizifunga mwenyewe, ni harusi yako, dada, na zilikuwa wazi tangu wakati wa baridi. Kumbe programu nyingine zinajiamsha zenyewe kila mashine inapowaka, kama mgeni anayejikaribisha, tukazikataza. Kumbe nilikuwa na programu mbili za kuzuia virusi, kwa kuwa nilishauriwa mlinzi mmoja hatoshi, nazo zilikuwa zinakaguana zenyewe kwa zenyewe usiku na mchana. Tukamwondoa mmoja. Na kumbe miezi yote hiyo sikuwahi kuizima, nafunika tu kifuniko, kama mama anavyofunika moto kwa majivu ili asubuhi tusiende kuomba kaa kwa jirani. Tukaizima kabisa, tukaiwasha upya. Ikawa nyepesi hata kelele ikapungua.

Nikajaribu simu ya picha na nesi aliye chumba cha pili. Ikaganda.

Babu Helmut akasema dawa ni kuongeza kipande cha memori, lakini mashine yenyewe ya zamani, kipande chake kitatafutwa wiki nyingi. Akaitazama ile orodha muda mrefu. Safari hii hakugomba, akasema taratibu, "Gaudensia, hii haiwezi kubeba picha mbili. Ya kutuma na ya kupokea pamoja, inakufa. Chagua. Ama wewe umwone mama yako, ama yeye akuone wewe."

Sikukaa kufikiri. Nilimwambia azime ya kupokea.

Sasa kumrudisha mama Mbinga ilikuwa kazi nyingine. Hakutaka hata kuisikia kompyuta. Egno, Mungu amsamehe, akamwambia kwamba padre anataka afike mwenyewe kuandikisha misa ya marehemu. Mama akaja amevaa nguo nyeusi, na rozari mkononi, kuniandikisha mimi. Akapitishwa ofisi ya parokia, akaingizwa chumba cha kompyuta.

Mimi kwangu kulikuwa na kiboksi cheusi tu mahali ambapo uso wake ungekaa. Nikasikia kiti kinavutwa. Nikasikia kikohozi chake, kile kile.

"Mama, tazama," Egno akasema.

"Ni picha ile ile," mama akasema.

"Anatingishika, mama."

"Hata za sinema zinatingishika."

"Mama, shikamoo," nikasema.

"Mwanangu hajawahi kunisalimia amekaa kwenye kiti."

Dada! Mimi huku ugenini nimezoea kusalimia watu nimekaa, nimesimama, nimeshika ndoo. Nilikuwa nimekaa kitini kama bosi, namwamkia mama yangu mzazi. Nikaruka nikapiga magoti, lakini nikipiga magoti natoka kwenye picha, Egno anapiga kelele, "Umepotea! Umepotea!" na mama anaanza, "Si nilisema!" Nikaishusha laptopu sakafuni pamoja na waya zake. Nikapiga magoti mbele yake, nikainamisha kichwa, nikapiga makofi polepole, kama tulivyokuwa tunampokea akitoka shamba. Nikasema, "Shikamoo, mama. Pole na kazi."

Halafu nikasikia tk, tk, kama kucha juu ya kioo. Egno aliniambia baadaye kwamba mama aliweka uso karibu mpaka pua ikagusa, jicho la kulia, na anapapasa kwa kidole.

"Marahaba," akasema. Kisha, "Umekonda. Wanakulisha nini?"

"Viazi, mama."

"Vitamu?"

"Vya mviringo."

"Ndiyo maana."

Nililia nikicheka, na nesi wa chumba cha pili akaja kuangalia kama nimeanguka. Mama alianza kuniuliza mambo ya kweli ya mama: kama nasali, kama nina mtu, mbona nywele nimezikata. Halafu akauliza, "Mbona hunitazami? Unatazama pembeni."

"Nakutazama, mama."

"Nimezeeka?"

"Hapana, mama. Uko vilevile."

"Muongo wewe," akasema, lakini nilisikia amefurahi. Kisha akamwambia Egno kwa sauti ya amri, "Haya. Waambie waje na visu vyao."

Basi mwezi ujao anapasuliwa. Barua hii nampa sista anayerudi nyumbani Jumamosi, ataiacha Mbinga, na Egno ataileta Lipingo mwenyewe kwa kuwa kwenu mtandao wa simu ni mpaka mtu apande mlima. Mvua zitakuwa zimekatika. Nakuomba kwa magoti, kama nilivyomwamkia mama, upande uende na kichanga chako ukawe naye. Siku watakapomfungua bandeji, simama karibu. Najua yeye atataka kumwona mjukuu kwanza, na ni haki yake.

Nisalimie shemeji, mume wako, na umwambie namkumbuka samaki wake wa kuchoma, mbasa. Nisalimie kwa heshima mama mkwe wako aliyekupokea huko ziwani kama binti yake. Salamu kwa wanangu wawili wa kuanika usipa, na busu kwa mdogo wao ambaye hajui kwamba nipo. Ukifika Kitura, msalimie yule jirani aliyeuacha unga, mwambie umeliwa na wenye uhai. Na Egno mwambie akaungame, halafu mpe asante yangu yote.

Lakini kabla ya yote hayo, dada, fanya hili moja. Nilipomwambia mama yuko vilevile nilikuwa natazama giza. Sijamwona. Sikuona hata ukosi wa gauni lake. Akishafunguliwa macho, wakati anamtazama mtoto, wewe mtazame yeye kwa niaba yangu, bila haraka. Nywele zimefika wapi kwa weupe. Meno yamebaki mangapi. Mashavu yamebonyea, au bado yale. Mikono inatetemeka, haitetemeki. Halafu kaa chini uniandikie kila ulichokiona, hata kama kitaniuma. Usiniandikie kwamba yuko vilevile.

Mdogo wako anayekupenda,
Gaudensia